Mfereji wa Tatu

Ottapalam, mwezi wa Karkidakam. Mvua haijui adabu,
inaingia barazani bila hodi.
Nimemkalisha baba kwenye kiti cha henzirani,
nimemzungushia futikamba juu ya kiwiko.
Sentimita ishirini na mbili.
Sikukuu ya Onam iliyopita zilikuwa ishirini na nne na nusu.
"Andika, Thankam," anasema, "usije ukasema nilikuficha."

Mkono huu ulikanda mapaja ya wagema miaka arobaini na sita,
ulirudisha nyonga za wapigana kalari,
viuno vya wacheza Kathakali
wanaokesha wamesimama kwa ukingo wa nyayo,
na ng'ombe mmoja, wa Kunjukutty,
aliyeteleza mtaroni akataa kuinuka.
Sasa ngozi yake inaning'inia
kama foronya iliyotolewa mto.

Baba ana hesabu yake:
chakula huwa utomvu, utomvu huwa damu,
damu huwa mnofu, mnofu huwa mafuta,
kisha mfupa, uboho, na mbegu mwisho wa safari.
Kama majaruba ya mpunga ya ami Achuthan,
la juu lisipojaa, la chini hulamba vumbi.
"Jaruba la tatu limekauka," anasema.
"Usilipigie jembe.
Panda juu utazame mfereji.
Moto wa tumbo ndio uliofifia."

Mimi nina yangu, ya hospitali ya Thrissur:
ndani ya uzi mna nyuzi, nene na nyembamba,
na ile nene ina vichwa vidogo
vinashika, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele kidogo,
mkono juu ya mkono, kama avutaye ndoo kisimani.
Na ubavuni mwa uzi imelala seli changa,
imejikunyata, haina kazi.
Samli haiiamshi. Huamshwa na mzigo.

"Basi simama, baba. Usishike kiti."
Anasimama mara nne.
Ya tano, kiti kinamrudisha.
Ananitukana kwa Kisanskriti ili nisielewe.
Naelewa.

Napika choroko nyeusi, kama alivyoagiza,
na mayai mawili, ambayo hakuyaagiza.
Choroko anazimaliza.
Mayai anayatazama kama wageni wasioalikwa harusini,
kisha, nikigeuka, yai moja halipo.

Usiku wa manane shavu la mguu linamkaza.
Ananiita kwa jina la mama.
Napasha mafuta ya ufuta, nakanda kuelekea moyoni,
yeye mwenyewe anavuta kidole gumba kuja gotini,
na hapo hesabu zetu mbili
hazina la kubishania.

Mdomo wangu ukanitangulia.
Nikamwambia kushika ni rahisi, baba,
kazi iko kwenye kuachia:
kile kichwa kidogo hakibanduki mpaka kilipwe nguvu.
Ndiyo maana maiti hukakamaa.
Hang'ang'anii kitu.
Ameishiwa tu na cha kulipa.

Baba akanyamaza, mafuta yakapoa kiganjani mwangu.
"Mama yako," akasema, "vidole vyake
nilivifungua kimoja kimoja.
Vilikuwa vimeshika shuka.
Miaka kumi na moja hii
nimekuwa nikidhani alikataa kwenda."

Sikuwa na kitabu cha kujibu hilo.
Nikarudi kwenye mguu, nikakanda,
ukalegea polepole, kama mtu anayesamehe kwa shingo upande.
"Hesabu yako ni kavu," akasema gizani.
Baadaye, nilipodhani amelala:
"Lakini inapumzisha."

Asubuhi mvua imeshuka hadi manyunyu.
Nasikia sauti barazani kabla sijafunga nywele.
Baba, peke yake, anahesabu,
na henzirani inalia kila anapoinuka.
Tatu. Nne.
Nasimama nyuma ya mlango, pumzi nimeishika,
siachii.
Kimya.
Henzirani inalia.
Tano.