Nyota Mwishoni mwa Jina

Ijumaa, saa nne, maktaba ya mkoa, Tanga.
Feni inazunguka ikisitasita.
Nimeandika mkonge,
kanzidata ikanimwagia matokeo elfu kumi na moja:
bei za kamba, mbolea, mitambo ya korona
(ile ya kusaga majani, si ugonjwa).
Babu hayumo.

Singano, mkutubi, kalamu sikioni, akacheka:
"Mama, usimwage pishi zima kutafuta punje.
Funga maneno kwa NA."
Nikafunga: mkonge NA Pongwe NA manamba.
Elfu zikawa mia mbili.
"Usichokitaka kitoe kwa SI."
SI bei. SI mbolea. Tisini na nne.

Nikaandika jina: Ruhomvya.
Sifuri.

"Nani aliliandika?"
Karani. Mgiriki, Mgoa, sijui;
mtu asiyewahi kusikia Kiha kikitamkwa,
na babu hakujua kusoma hata amkosoe.
"Basi tusimwamini karani.
Herufi usiyo na hakika nayo, weka alama ya kuuliza.
Neno usilojua linaishia wapi, weka nyota."

?uhom*

Akaja Luhomvia. Akaja Ruhomfia, akaja Luhombe,
akaja Ruhomya aliyetoroka shambani mara mbili.
Wote wametoka Kasulu, wote umri "kama 20".
Wangu yupi?

Nikakumbuka kipande ndani ya mkebe wa Bibi,
namba tuliyoichezea utotoni
tukidhani ni ya bahati nasibu.
Manamba. Namba ndiyo waliyoitwa.
Nami nimezaliwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
sikuwahi kujiuliza.
"Izungushie alama za kunukuu," Singano akanong'ona,
"isije ikavunjwa vipande."

"P 40718"

Tokeo moja.
Luhomvia. Siku ishirini na saba, amekata. Tatu, mgonjwa.
Zile tatu nilizisoma muda mrefu
kuliko ishirini na saba.

Kisha nikaandika jina la Bibi,
kwa nyota, bila nyota, herufi moja moja
kama anayepapasa ukuta gizani.
Sifuri.
"Panua," Singano akasema, sauti imeshuka. "Tumia AU."

Mke AU mpishi AU mchota maji AU

Saa sita wanafunga kwa ajili ya swala.
Singano ameshika funguo, hajasema kitu.
Bado naongeza AU.