Mkalimani wa Sinema Bubu

Sinema ilikuwa bubu; babu akawa ulimi wake.
Shuka mbili za hospitali, zimeshonwa ubavu kwa ubavu,
zimeangikwa ukutani, ukumbi wa Pumwani,
jenereta nje inakohoa kama mwenye pumu,
na yeye, Makumi wa Nthenge, tarishi wa reli,
amesimama kando na ufito, kwa ujira wa shilingi,
ayasome maandishi meupe yanapotokea
na kuyasema kwa Kiswahili kabla hayajazimika.

Hadithi ya Marekani,
ilikwisha kuzeeka kwao kabla haijafika kwetu:
binti wa mwenye benki ampenda mpanga herufi.
Baba mtu ana masharubu na saa ya mnyororo.
Wanawake wa Majengo walimsonya tangu alipoingia.

Safu ya tatu alikaa Feruzi,
mpishi wa Mzungu huko Parklands,
aliyekwisha kuirudisha posa ya babu mara mbili,
ya kwanza kwa salamu, ya pili bila salamu.
Kando yake Zuena: macho kwenye shuka,
masikio kwa mwenye ufito.

Mlango ukafungwa. Mvua ya Marekani ikanyesha kimya.
Binti akapiga magoti. Masharubu yakacheza.
Maandishi yakaja, maneno machache tu,
na babu akameza mate, akasema:
“Mwanangu, inuka.
Kijana huyo hana kitu. Hata mimi sikuwa na kitu
mama yako aliponipikia uji wa kwanza.
Nipe usiku mmoja nifikiri.”

Ukumbi ukalipuka vigelegele.
Binti kwenye shuka akaendelea kulia,
akatoka mvuani na kifurushi chake,
wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Juzi nimeipata sinema ile kwenye simu,
mikwaruzo tele. Nikamwekea bibi, pale Shauri Moyo,
nikaisimamisha kwenye maandishi, nikamsomea:
Toka. Mimi sina binti tena.

Bibi, na mtoto wa jicho wake, akacheka hadi akashika mbavu.
“Ukadhani baba hakujua?
Miaka kumi na tisa alipika kwa kusoma
kitabu cha yule mama wa Kizungu.
Kiingereza chake kilikuwa na chumvi ya kutosha.
Tulirudi gizani, hana neno,
mpaka tukaruka mtaro wa mwisho. Ndipo akasema:
‘Mwambie yule mwongo alete mashahidi Ijumaa.
Na ule ufito auache huko huko.’”