Kinachokubali Rangi

Nyuma ya jiko letu, Pekalongan,
mto hauulizwi kama u mzima,
huulizwa leo umevaa nini.
Jumatatu ulivaa wekundu wa jeraha,
Jumatano manjano ya homa,
na Ijumaa, watu wakiwa msikitini,
ukapita na zambarau ya Haji Sukirno;
tukajua amepata oda ya harusi.

Sisemi kama shahidi.
Nami nilimwaga.
Miaka thelathini na moja nimeinamisha beseni
kwenye mfereji ule ule, saa za giza,
nikikohoa kidogo ili maji yasisikike.
Asubuhi nikamwona bata wa Bu Warsinah
ana kifua cha samawati,
nikamsifia bata.

Kazi yangu ni nta.
Naichora kwa kalamu ya shaba, nukta kwa nukta,
na pale ilipokaa nta rangi haiingii:
ndivyo ua linavyobaki jeupe
katikati ya kitambaa kilichozama.
Maisha yangu yote nimesomea kukataa.

Kisha akaja Kasmuri,
aliyeachishwa kazi kinuni kwa ajili ya mapafu,
na gunia la kumvi za mpunga
na vifuu vya sokoni vyenye nzi,
vitu vya kutupwa mgongoni mwa mtu aliyetupwa.
Akavipika ndani ya pipa lililofunikwa,
moto ulionyimwa hewa,
mpaka vikatoka vyeusi, vyepesi,
vinalia kama vigae vya chupa ukivishika.

Akajaza bomba. Akasema, lete beseni lako.
Maji ya kwanza yalitoka buluu kama yalivyoingia.
Ya pili yalitoka meusi.
Hakuwa ameosha mkaa.
Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa kibaya,
maana siku mbili hakuonekana.

Mara ya tatu akasaga, akaosha, akashindilia,
akaniambia nisiwe na haraka.
Tone.
Nikaenda kukaanga tempe, nikarudi.
Tone.
Kufika alasiri glasi ilikuwa imejaa
kitu cha rangi ya chai ya maskini,
na ya jioni haikuwa hata chai.
Nikaweka gazeti nyuma ya glasi.
Nikasoma bei ya vitunguu.

"Mkaa haunywi," alisema, "mkaa unashika.
Una vyumba ndani ya vyumba,
na rangi ni mgeni asiyejua kuaga."
Akasema kijiko kimoja ukikikunjua
kitatandika uwanja wa mpira.
Sikuamini. Kasmuri hata kiwanja chake hajawahi kukipima.
Lakini usiku nililala nikiwaza
kwamba nta hukataa na mkaa hukubali,
na mimi nilijifunza upande mmoja tu.

Maji ya kifuu, bahari ya chungu.
Basi mimi chungu, na beseni langu ni bahari,
nayo nimeichuja, tone kwa tone, mwezi wa nne sasa.
Juu ya daraja viwanda vinafungua mabomba
ambayo mtoto wangu angeweza kupita amesimama.
Huko hakuna anayekohoa.

Na lipo jambo ambalo Kasmuri halisemi mbele za watu:
mkaa hushiba.
Ukishashiba hushiki tena, unaachia,
na nina magunia saba nyuma ya kabati,
mazito, yananuka kama mvua iliyooza.
Rangi haikufa. Imehama nyumba.
Yeye anataka tuichanganye kwenye matofali.
Binti yake anayesoma Semarang ameandika: msifanye hivyo bado,
wala msizike karibu na kisima,
subirini nimuulize mwalimu.
Tunasubiri. La nane linajaa.

Leo mto umepita na kijani.
Nimefungua mlango wa nyuma, mchana kweupe,
nikasema kwa sauti, bila kukohoa:
hii si yangu.
Hakujibu mtu.
Bata alikuwa katikati yake, anajitawaza,
akiinua bawa moja, kisha la pili,
na kila bawa lilitoka lina rangi.