Kipimo cha Uso

Mwaka ule wa kafyu nilishona barakoa mia nne
kwa mabaki ya sare za shule zilizofungwa.
Zikanilipia kodi, zikaninunulia unga.
Kisha watu wakazivua, wote siku moja kama walioitwa,
nikamwona mtoto wa jirani amemfunga mwanasesere wake moja
iwe nepi.
Patani ya karatasi niliitundika msumarini
nyuma ya cherehani, ikala vumbi.

Ndipo akaja Shitandi.
Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka Kangemi hadi kwenye mabati,
wauza maandazi unawaona mikono tu.
Alisimama mlangoni, hakuingia.
Karibu, nikamwambia, baridi itajaa nyumba.
Hapa panatosha, fundi,
akasema, kiganja mbele ya mdomo
kama mtu anayekinga njiti ya kiberiti na upepo.

"Nataka sita. Kitambaa kizito, safu mbili.
Nilizopewa zahanati zimeniishia."
Za nani?
"Za Khasandi."
Nikashika futi, nikauliza uso wa mtoto una ukubwa gani.
Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi,
akaelekea barabarani akakohoa ndani ya kiwiko,
akakohoa hadi chai yangu ikafanya utando.
"Ni zake, lakini nitazivaa mimi.
Ana miezi minne.
Sitaki kifua changu kiwe urithi wake wa kwanza."

Nilimpima kwa macho, nimekaa palepale kitini.
Naungama: niliogopa.

Mtaa ulimcheka.
Kinyozi akamuuliza kama hana redio,
kwani korona iliisha lini?
Kwenye foleni ya maji walimwachia nafasi pana,
na haikuwa heshima.
Alichota, akasema asanteni,
sauti imechujwa na kitambaa, imebaki nyembamba.
Kazi yake ilikuwa ulinzi wa usiku, geti la watu Lavington,
peke yake na mbwa hadi kuche,
na hata huko, aliniambia, hakuivua.
Uso ukizoea uhuru kazini
utadai uhuru na nyumbani.

Jumamosi moja nilipita nyuma ya ploti yao.
Kwenye kamba: barakoa sita, nepi tisa,
zimechanganyika, zinadondosha maji pamoja.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.
Kazi ni ileile, nikawaza,
cha mtu kisimfikie mwenzake.
Ila nepi mtoto akikua ataonyeshwa, atatahayari,
na hizi nyingine nani atamsimulia?
Kikohozi ambacho hakikumpata
hakina tarehe ya kukumbukwa.

Januari akarudi, tembe za miezi sita zimekwisha,
na mara hii akaingia,
akakaa kwenye kiti cha wateja na suruali ya kupunguzwa mapajani,
uso mtupu.
Mimi nikaangalia chini.
Muda wote ule nilikuwa nimempa, kichwani mwangu,
masharubu mazito na midomo ya mtu mkali.
Kumbe ana pengo juu, kushoto,
na kidevu laini kama cha mvulana.
Niliona haya, kama niliyesukuma mlango
nikamkuta mtu akioga.

Akaanza kunieleza habari za Khasandi,
meno mawili, anauma kila kitu, hata rungu la kazi.
Nami tangu Jumapili pua inachuruzika,
koo linawasha kama nimemeza nywele.
Nikamwambia, ngoja hapo nje kidogo.
Nikaitungua patani, nikaikung'uta,
nikakata kipande cha zambarau, nikashona bila kupiga pasi,
mshono umepinda, basi,
nikajifunga.

Alinitazama kupitia mlangoni.
"Fundi, na hiyo ya nani?"

Ya Khasandi, nikasema.
Haya, lete suruali. Iweke hapo kwenye stuli,
halafu rudi nyuma hatua mbili.