Lipo, Hatufiki

Jumanne, chumba cha nyuma cha makumbusho, Larnaka.
Feni ya dari inazunguka kama mjumbe asiyetaka kuchangia hoja.
Tupo wanne, ubao mweupe, kahawa iliyopoa,
na mawe elfu tatu mia mbili na tisa
ambayo hayapo: ni picha, namba, na ubishi wa waliowahi kuyasoma.

Kazi yangu ni kuuliza maswali ya kijinga.
Msimamizi akiingia, aone nini kwanza?
Nani ampe nani ufunguo?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili akisoma alfa penye lamda,
usomaji wake ungoje mlangoni
au uingie, ufukuzwe baadaye?

Despo anataka kitufe cha kufuta.
Humo mna takataka, anasema,
paka wa mlinzi kapigwa picha kama nguzo,
kaburi moja limeandikishwa mara tano.
Nakichora: kimraba, chekundu.
Loizos anavua miwani.

Unajua mchongaji alifanyaje akikosea?
Alijaza plasta, akachonga upya juu yake.
Plasta ikadondoka,
kosa likabaki linatutazama karne hata karne.
Na mtawala aliyechukiwa, wakamkwangua jina?
Tunalisoma. Tunalisoma kwenye kovu.

Nakifuta kitufe cha kufuta.
Naandika *ficha*. Kando yake, *rudisha*.
Chini yake: jina lako, tarehe, na sababu,
na sababu isiwe nukta tupu, Despo,
nakujua.

Saa tano na nusu, safu ya kumi na nne: mahali lilipo.
Nimeleta majibu matatu ya kuchagua.
Ghalani. Limepotea. Limeharibiwa.
Nadhani tutapita upesi.
Kristala, kimya tangu asubuhi, anasema hapana.

Anafungua bahasha pana kama sinia.
Ndani mna karatasi nene, nyeupe ya zamani, yenye matuta.
Baba yake aliilowesha, akaibandika juu ya jiwe,
akaipigapiga kwa brashi mpaka ikaingia kila mfereji,
akakaa kivulini kungoja jua liikaushe.
Aprili, mwaka wa sabini na nne,
ukuta wa ua wa kanisa, kijiji ninachokijua kwa jina tu.
Julai walikimbia.
Alitoka na watoto wawili, redio, na karatasi hii.

Halikupotea, anasema.
Ni la tatu kutoka mlangoni, usawa wa goti.
Halikuharibiwa, au kama limeharibiwa
hakuna aliyeniambia.
Pana kambi sasa, pana waya,
pana kijana wa watu na bunduki yake
ambaye labda hulikalia akila tikiti.
Usinichagulishe.

Loizos anaigeuza karatasi, anailaza chini ya taa.
Upande wa nyuma herufi zimevimba, zimepinduka;
mwandiko wa kale wa kisiwa hiki hutoka kulia,
hapa unarudi ulikotoka.
Anapapasa, midomo ikitangulia vidole:
*Mimi ni wa Ona*
halafu ufa.
Jina lote lingekuwa refu zaidi, anasema.
Anataja mawili yanayowezekana, anaona la tatu, ananyamaza.
Tutalijaza ndani ya mabano ya mraba,
mabano ambayo maana yake ni: hapa tumekisia,
tusamehe.

Naongeza jibu la nne.
Najaribu *halifikiki*. Kristala anatikisa kichwa,
hilo ni la barua za serikali.
*Lipo, hatufiki*.
Herufi kumi na mbili, mkato, nafasi.
Despo anahesabu kwa kalamu:
inaenea kwenye safu.

Na ruhusa? nauliza, maana ndiyo kazi yangu.
Nani ataweza kulibadilisha jibu hili?

Kristala anairudisha karatasi kwenye bahasha,
taratibu, kona kwa kona.
Atakayefika.

Naandika hivyo hivyo, ingawa mashine haitaelewa,
nitatafuta njia.
Safu ya kumi na tano: uzito, kwa kilo.