Rasimu ya Somo

Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka kurasa mbili,
"za kueleweka, sista, vijana wangu si madaktari."
Nikaandika nyuma ya stakabadhi za korosho za baba,
maana karatasi za wodi ziliisha tangu Julai.

*Lengo la somo*, nikaandika. Nikafuta.
*Mwisho wa somo hili askari ataweza*
ataweza nini?
Nje upepo wa Newala ulikuwa ukipiga bati
kama mtu anayedai chake.

Mdogo wangu Mfaume naye alidai chake:
alisema redio ya jirani inamtaja,
akaingia sokoni na panga la kupogolea mikorosho
kuitafuta ile sauti ilikojificha.
Weka chini! Weka chini!
Askari wanne, virungu vinne.
Alirudi nyumbani na mkono usioshika kijiko.

Hilo sikuliandika. Nilitaka sana kuliandika.
Nikachukua chaki.

Ijumaa, ukumbi wa kituo, askari ishirini na sita,
kofia magotini, chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha,
macho ya nyuma yakiitazama saa ya ukutani.
Nikachora mstari sakafuni.
"Huu ni ukingo wa Shimo la Mungu."
Wakacheka. Nani Newala hajasimama pale
akaiona Ruvuma kule chini, nyembamba
kama uzi uliochomoka kwenye mshono?

Koplo Nandonde nikampa mstari mgongoni: wewe mgonjwa.
Konstebo Somoe, sikio la kulia, mnong'oneze usikome:
wanakuja, wanakuja, usiwaamini.
Sajenti Chitanda, la kushoto, msomee bei za mnada,
kilo kwa kilo, ghala kwa ghala.
"Haya. Mwokoeni."

Wakaenda na sauti waliyopewa chuoni.
Wewe! Jina lako! Tulia! Mikono juu!
Hatua yao moja mbele, yake moja nyuma.
Sikumpangia hilo; miguu ilijua yenyewe.
Ya tatu, kisigino kikafuta chaki.

"Ameshaanguka," nikasema.

Aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.
"Mbona hukutaja jina?" mmoja akamuuliza.
"Mliniuliza jina?"
"Mara tano, afande."
Koplo akainua buti, akautazama ule weupe,
asiupanguse.

Tukarudia. Tukarudia mpaka mihogo ikawa mawe.
Aongee mmoja tu.
Pingu zibaki mlangoni, na mlio wake.
Usimwambie hakuna sauti. Muulize inasemaje.
Pakikalika, kaa.
Wakati ni wako, usimkimbize na saa yako.
Akauliza kijana wa nyuma: "Na akiwa na panga, sista?"
Swali la haki. Nilimjibu nusu.
Nusu ya pili sina, na kwenye rasimu
niliandika hivyohivyo: *hapa sijui*.

Ilirudi na wino mwekundu.
*Ondoa "sijui". Ongeza vifungu vya sheria.*
Vifungu nimeongeza, saba.
Sijui yangu nimeiacha ilipo, ukurasa wa nne;
sasa ziko kurasa nne.

Jumanne, saa nane za usiku, simu.
"Sista, samahani. Nandonde hapa.
Niko nyuma ya maghala, nimekaa chini,
saa nzima sasa, makalio yamekufa ganzi.
Kuna mama ameshika chupa iliyovunjika.
Ananiuliza kama na mimi nawasikia.
Nimjibu nini?"

Nilikuwa na kurasa nne. Sikukumbuka hata mstari.
Simuni upepo uleule ulipiga bati la ghala,
na katikati ya mapigo, pumzi za watu wawili.

Chumba cha pili Mfaume akageuka kitandani.
"Nani?"
"Polisi."
Akanyamaza kitambo, nikadhani amelala.
"Amesimama?"
"Hapana. Amekaa chini."
"Mwambie asiinuke."