Mistari ya Chaki

Sanduku la bati liko uvunguni,
limefungwa kwa kamba ya wavu
maana kufuli lilikufa mwaka ule wa mvua nyingi.
Ndani: mapazia mawili ya gesti ya Kirumba
iliyouzwa pamoja na vitanda vyake,
shati la Bugumba, kola imelika, mikono mizima,
nusu ya kitenge (nusu nyingine anayo mtu
tusiyesalimiana),
mwavuli usio na mifupa,
kopo la vifungo na zipu, na ndoana moja ya sangara
iliyoingia humo kwa njia zake.

Na chini kabisa, ndani ya gazeti,
kitambaa cha mama.

Alikitoa kiwandani Nyakato, zamu ya usiku,
kwenye lundo la kasoro:
maua ya njano yamechapwa mara mbili,
la pili limeteleza kidole kimoja pembeni
kama vile mtambo ulipiga chafya.
Yadi tatu na kitu. Wakamkata kwenye mshahara.

Tangu kiwe changu ni miaka kumi na tisa.
Sikukigusa kipaimara, sikukigusa Krismasi.
Siku yake itafika, nikasema.
Siku zikaja, zikala, zikanawa, zikaondoka,
hakuna iliyouliza habari zake.

Sasa Kwandu anaolewa Jumamosi
na kamati imetangaza sare:
satini ya zambarau, elfu sitini,
mshono juu yako.
Elfu sitini yangu ina majina tayari:
luku, mchele, viatu vya Shija.

Alhamisi usiku, Mabatini yote giza.
Cherehani yangu haijui habari za umeme,
inajua miguu tu.
Nikawasha taa ya chaji,
wale wadudu wa ziwani wakaingia kwa dirisha
kama uzi mweupe uliokatika vipande elfu,
wakaanguka juu ya maua.
Nikapangusa.
Chini ya mkono wangu ukatokea mstari.

Chaki ya buluu.
Bega dogo. Kwapa dogo. Kiuno kisicho kiuno.
Na pembeni, saba ya mama, ile yenye mkanda tumboni:
*Kifua 25. Urefu 27. Milembe. Acha nafasi ya kukua.*

Nilikaa.
Chai ikapoa ikaota ngozi.
Nilikuwa darasa la kwanza, nakumbuka kupimwa,
tepu ya baridi, na kuambiwa nisipumue.
Gauni silikumbuka,
kwa sababu halikushonwa.
Kwa nini, yeye ndiye alijua.

Mkasi haurudi nyuma.
Nikaukata mbali na yule mtoto,
nikamzunguka kama mtu anayepita
kando ya aliyelala.
Akabaki mzima katikati ya mgongo wangu,
chaki kwa ndani.
Kitambaa hakikutosha, kingetoshaje?
Ubavuni nikatia pazia la gesti,
mikono nikang'oa kwa Bugumba,
nikaipachika yote miwili ya kushoto,
nikafumua kwa wembe hadi saa tisa
nikimtukana Bugumba asiye na kosa.
Mifuko nikashona ya mwavuli,
mikubwa, haiingii maji.

Jumamosi, ukumbini Nyamanoro,
shangazi Nkwimba alinisoma toka utosi hadi visigino,
akarudia tena kwa kwenda juu.
"Na hii ni sare ya wapi?"
Nikatia mikono mifukoni, nikatabasamu.

Haikupita saa wakaanza kuja, zambarau mmoja mmoja:
"Dada, nishikie simu, satini haina mahali."
"Nishikie na funguo."
"Na hii bahasha, usije ukaisahau."
Shangazi alikuja mwisho,
na miwani yake, bila kuniangalia.

Nilicheza nikilia njugu kila upande,
simu za watu zikitetemeka nyongani.
Gauni limekaa vizuri, sisemi uongo,
ila linabana kwapani nikiinua mikono.
Nafasi ya kukua
niliisahau.